Gari Likitetemeka, Liulize Maswali Kabla ya Kununua Vipuri

*Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya mafundi wa jua kali, wanafunzi wa ufundi wa magari na wamiliki wa magari ya zamani, katika siku ya wazi ya chuo cha mafunzo ya ufundi. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.*

 

Wengi wenu mnanijua kama yule mtu anayebeba kamera na daftari kwenye mikutano ya kaunti. Mimi nilisomea uanahabari, si ufundi wa magari. Kwa hivyo mna haki ya kuuliza: huyu atatuambia nini kuhusu gari linalotetemeka? Jibu langu ni fupi. Fundi aliyesimama mbele ya gari linalotetemeka ana kazi ile ile ya mwanahabari. Anauliza nini, lini, wapi na kwa nini, kisha analinganisha majibu, na hukumu huja mwisho. Mwanahabari akianza na hukumu anaandika uongo. Fundi akianza na hukumu anauza vipuri ambavyo gari halikuhitaji, na mwenye gari anaondoka na mtetemo wake ule ule.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu kaunti yetu bado inaendeshwa na magari ya zamani. Land Rover ilizinduliwa mwaka wa 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Ile tunayoiita Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kwa miaka mingi kiwanda cha Thika, kilichoitwa Leyland Kenya wakati huo, kiliunganisha Land Rover hapa hapa nchini. Magari hayo hayajakufa. Yanabeba maziwa asubuhi, nyasi mchana, na usiku yanampeleka mama mjamzito hospitalini kwenye barabara ambayo gari dogo haliwezi kuipita.

Lakini karibu kila moja limebadilishwa. Injini ya petroli ilitolewa ikawekwa ya dizeli ya Toyota au Nissan. Springi zimeinuliwa ili gari lipite kwenye mawe. Tairi zimekuwa kubwa zaidi. Shafti imekatwa na kuchomelewa upya. Sipingi mabadiliko hayo. Ndiyo yaliyoyaweka magari haya hai. Ninachosema ni kwamba kila badiliko linagusa kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho husema kwa kutetemeka.

Shafti inafanya nini chini ya miguu yako

Wanafunzi, tuanzie hapa. Injini inazungusha giaboksi. Kutoka giaboksi, nguvu inapita kwenye bomba refu la chuma, yaani propela shafti, mpaka kwenye difu, na difu inageuza nguvu hiyo kwenda kwenye magurudumu. Giaboksi imefungwa kwenye chasi haisogei. Ekseli inapanda na kushuka kwa springi. Kwa hivyo kila mwisho wa shafti kuna kiungo kinachoiruhusu kujikunja huku ikizunguka. Vitabu hukiita yunivasali. Gereji nyingi hukiita krosi, kwa sababu ndani yake kuna chuma chenye umbo la msalaba. Shafti yenyewe ina sehemu yenye meno inayoteleza ndani ya nyingine, ili irefuke na kufupika ekseli inaposogea.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tairi ya 7.50-16 ikizunguka mara moja inakwenda takribani mita 2.5. Gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, gurudumu linazunguka karibu mara 7 kwa sekunde. Difu ya Land Rover Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1, maana yake shafti inazunguka mara 4.7 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa hivyo shafti inazunguka zaidi ya mara 31 katika sekunde moja. Ukifika 80, inafika karibu mara 42. Chuma hicho kizito kinapita chini ya sakafu, na juu ya sakafu hiyo wamekaa watoto wako. Ndiyo maana naomba tusiseme tena, "Ah, hili gari ni zee, limezoea kutetemeka."

Hesabu hii si ya mtihani tu. Inatusaidia kumtambua mkosaji. Gurudumu lisilo na balansi linapiga mara moja kwa kila mzunguko wake, yaani mara 7 kwa sekunde kwenye mwendo huo. Hilo ni dundo la polepole, unaweza karibu kulihesabu. Shafti isiyo na balansi inapiga mara 31. Huo ni mngurumo unaosikika kwenye kiti na sakafu. Krosi iliyokaa kwenye pembe mbaya inapiga mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti, yaani karibu mara 62, na hapo unasikia uvumi kama wa nyuki ndani ya bati. Sikio na makalio ya dereva mzoefu ni vipimo vizuri. Mwulize alisikia dundo, mngurumo au uvumi.

Maswali manne

Swali la kwanza: mtetemo unafuata mwendo wa gari au mwendo wa injini? Tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Endesha kwenye mwendo ule mtetemo unapotokea, tuseme 60, ukiwa gia ya nne. Sikiliza. Kisha ingia gia ya tatu, ubaki kwenye 60 ile ile. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi, lakini shafti na magurudumu yanazunguka vile vile. Mtetemo ukibadilika au kuhama, mkosaji yuko upande wa injini: mauntini zilizochoka, klachi, au sahani iliyotengenezwa kuunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani. Mtetemo ukibaki pale pale, mwache injini. Kosa liko baada ya giaboksi.

Swali la pili: unatokea gari likivuta au likiachiliwa? Kwenye mwendo ule ule, kanyaga mafuta kidogo, kisha achilia. Mtetemo unaozidi gari linapovuta na kupungua unapoachilia unaelekeza kwenye pembe za shafti au krosi zilizolegea. Unaotokea ukiachilia tu unaweza kuelekeza kwenye beringi za pinioni ndani ya difu. Usiobadilika kabisa, uvute au uachilie, unaelekeza kwenye balansi: ya shafti, ya rimu au ya tairi. Na ukitokea pale tu unapokanyaga breki, angalia ngoma za breki, si shafti.

Kuna watu hufanya jaribio hili kwa kuweka gari fri kwenye mteremko. Tafadhali msifanye hivyo. Gari zito lenye breki za ngoma, bila msaada wa injini, kwenye mteremko, ni jeneza linalosubiri. Tambarare inatosha.

Swali la tatu: unasikika wapi? Usukani ukitikisika, anza na magurudumu ya mbele, beringi zake na viungo vya usukani. Kiti na sakafu vikitikisika, anza nyuma na katikati. Si kanuni isiyovunjika, kwa maana chasi ni chuma na chuma hubeba habari mbali, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Swali la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa: ni nini kilibadilishwa kabla mtetemo haujaanza? Mwenye gari mara nyingi hasemi kwa sababu haoni uhusiano. Atakwambia lilianza lenyewe. Mwulize polepole. Springi zilitengenezwa lini? Nani alishusha giaboksi mara ya mwisho? Tairi ziliwekwa lini? Gari lilivuka mto na maji yakafika wapi? Andika majibu pamoja na tarehe. Kalamu ni kifaa cha gereji kama spana.

Siri ya krosi

Sasa niwaeleze jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, na nikalielewa kwa kuketi na mafundi wazee na kuuliza.

Krosi iliyonyooka inazunguka sawasawa. Krosi iliyokunjwa haizunguki sawasawa. Upande wa giaboksi unazunguka kwa kasi moja isiyobadilika, lakini upande wa pili wa krosi unaharakisha na kupunguza, unaharakisha na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye pembe ya digrii 10, kasi inapanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.5. Kwenye digrii 20 inafika karibu asilimia 6. Pembe imeongezeka mara mbili, lakini kusukasuka kumeongezeka mara nne.

Kwa nini basi magari yote hayatetemeki? Kwa sababu krosi ni mbili. Ya mbele inaharibu, ya nyuma inarekebisha. Krosi ya mbele inapoiharakisha shafti, krosi ya nyuma inapunguza kwa kiasi kile kile, na difu inapata mzunguko laini. Lakini mapatano haya yana masharti mawili. La kwanza, pembe ya krosi ya mbele na ya nyuma ziwe sawa, au zikaribiane ndani ya digrii moja hivi. La pili, zile uma mbili zilizochomelewa kwenye shafti, wa mbele na wa nyuma, zikae kwenye mstari mmoja. Ukiichomoa shafti ya kawaida kwenye meno yake na kuirudisha jino moja au mawili pembeni, uma zimepishana, na krosi ya nyuma haisawazishi tena, inaongeza.

Ndiyo maana fundi mwerevu, kabla ya kufungua boliti yoyote ya shafti, hupiga mstari wa rangi. Mstari mmoja unaopita kwenye flanji zote mbili za mbele, mmoja nyuma, na mmoja kwenye yale meno yanayoteleza. Rangi ya shilingi chache inakuokoa siku nzima ya kubahatisha.

Land Rover ya mjomba

Mjomba wangu ana Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Ina injini ya dizeli ya Toyota iliyofungwa kwenye giaboksi yake ya asili. Hutumika kubeba maziwa ya majirani. Mwaka mmoja ilianza kuvuma kuanzia kilomita 60, na kwenye mlima mikebe ya maziwa ilikuwa ikiimba nyuma kama kwaya.

Gereji ya kwanza ilibadilisha shoksabu na kubalansi tairi zote. Mtetemo ulibaki. Gereji ya pili ilisema ni injini ya Toyota haijazoea chasi ya Land Rover, ikaweka mauntini mpya. Mtetemo ulibaki. Kufikia hapo mzee alikuwa ametumia pesa ya maziwa ya wiki kadhaa, na ushauri aliokuwa akipewa ni kuuza gari.

Fundi wa tatu hakuwa na duka la vipuri. Alikuwa na maswali. Alipanda gari na mzee, wakajaribu gia ya nne na ya tatu kwenye 60. Mtetemo haukubadilika, injini ikaachwa huru. Akakanyaga mafuta, ukazidi. Akaachilia, ukapungua sana. Akauliza nini kilibadilishwa. Mzee akakumbuka kwamba kabla ya mvua alikuwa ameweka nyuma shekeli ndefu, yaani vile vyuma viwili vinavyoshikilia ncha ya nyuma ya springi kwenye chasi, ili gari liinuke na kupita kwenye matope.

Fundi kwanza alitoa shafti ya mbele, wakaenda tena barabarani. Series inaweza kuendeshwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hivyo jaribio hilo linawezekana. Mtetemo ulibaki, na shafti ya mbele ikaondolewa kwenye orodha. Kisha akalala chini na kupima pembe. Giaboksi ilikuwa imelala tambarare. Shafti ya nyuma ilikuwa inateremka kwa digrii 9 kuelekea ekseli. Kwa hivyo krosi ya mbele ilikuwa imekunjwa digrii 9. Nyuma, zile shekeli ndefu zilikuwa zimeshusha ncha ya nyuma ya springi, ekseli ikainama kinyumenyume, na pua ya difu ikatazama juu kwa digrii 5. Shafti digrii 9, pua ya difu digrii 5: krosi ya nyuma ilikuwa imekunjwa digrii 4 tu. Tisa mbele, nne nyuma. Mapatano yalikuwa yamevunjika.

Na kwa nini ilizidi kwenye mlima? Gari lenye springi za majani likivuta, nguvu inaisukuma pua ya difu iinuke zaidi. Digrii 4 za nyuma zilipungua zikawa 2 au chini yake, wakati za mbele zilibaki karibu pale pale, na tofauti ikazidi. Kila dalili iliyosikika barabarani ilikuwa na sababu yake pale chini.

Dawa ilikuwa kurudisha shekeli za urefu wa kawaida. Gari lilishuka kidogo, pembe zikakaribiana, uvumi ukaisha. Mzee hakulipia kipuri chochote kipya isipokuwa nati nane za kujifunga.

Sasa nati hizo nane ndizo sababu ya mimi kusimama hapa. Shafti ile imefungwa kwa boliti nne kila upande. Fundi alipoifikia flanji ya nyuma, nati mbili kati ya nne zilizunguka kwa vidole. Mtetemo ulikuwa umezilegeza, na kulegea kwake kulikuwa kunaongeza mtetemo. Shafti ikichomoka nyuma, inaburuta na kupiga chini ya gari. Ikichomoka mbele ni mbaya zaidi: ncha inachimba barabara gari likiwa kwenye mwendo, na inaweza kuliinua gari au kupasua sakafu. Mikebe ile ilikuwa ikiimba, kumbe ilikuwa ikitoa onyo.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Wanafunzi, sehemu hii naomba muiandike.

Land Rover Series haina breki ya mkono kwenye magurudumu. Breki yake ya mkono ni ngoma iliyofungwa nyuma ya giaboksi, mahali shafti ya nyuma inapoanzia. Inashika shafti, na shafti inashika magurudumu. Ukiifungua shafti ya nyuma, huna breki ya mkono tena, hata ukivuta hadi mwisho, na kuweka gia hakusaidii kitu nyuma. Vile vile, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu kuzunguka huru, na gari linaweza kutembea ingawa breki ya mkono imevutwa. Kwa hivyo, kabla ya kitu chochote: mahali tambarare, na vigingi mbele na nyuma ya magurudumu. Vigingi viwe vya mbao nzito au chuma. Jiwe la kuokota barabarani si kigingi.

Jeki ni ya kuinua. Ya kushikilia ni stendi. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Na usiwashe injini na kuweka gia gari likiwa juu ya stendi ili uitazame shafti inavyozunguka wakati mwenzako yuko chini. Nguo, nywele au kamba ya ovaroli ikinaswa na chuma kinachozunguka mara 30 kwa sekunde, hakuna muda wa kupiga kelele.

Ukiwa salama, kagua kwa mpangilio huu. Kwanza, nati zote za flanji, mbele na nyuma. Pili, shika shafti kwa mikono miwili uizungushe mbele na nyuma, kisha uisukume juu na chini. Mchezo unaouona ndani ya krosi yenyewe ni krosi iliyokufa. Vumbi jekundu kama la kutu kwenye vikombe vya krosi lina maana kwamba grisi imeisha na chuma kinasaga chuma. Mlio kama wa ndege gari linapoanza kutembea polepole, au kishindo unapotoka gia ya mbele kwenda rivasi, ni dalili hiyo hiyo. Tatu, tazama bomba la shafti. Je, limebonyea? Lina tope lililokauka? Kuna kibati kidogo cha balansi kilichobanduka na kuacha alama ya kuchomelewa? Nne, inua ekseli uweke stendi chini ya ekseli yenyewe, si chini ya chasi, ili springi zibaki zimebeba uzito. Weka kipande cha chaki karibu na shafti, mkono wako ukiwa umetulia, na uzungushe shafti taratibu kwa mkono. Chaki ikigusa upande mmoja tu, shafti imepinda au ilichomelewa bila kunyooshwa.

Kwa wanaokata na kufupisha shafti baada ya kubadilisha injini: kazi hiyo ni ya mashine ya kukerezea na mashine ya balansi. Macho na nyundo havitoshi. Mchomeleaji hodari anaweza kutengeneza geti zuri sana na bado akatengeneza shafti mbaya, kwa sababu geti halizunguki.

Kupima pembe kwa simu

Hamhitaji kifaa cha bei. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kupimia usawa. Gari liwe tambarare, likisimama kwa magurudumu yake yote, likiwa na mzigo wa kawaida. Kama gari hubeba maziwa, pima likiwa na maziwa. Safisha mahali pa kuweka simu. Pima vitu vitatu: uso wa flanji ya giaboksi, mgongo wa shafti, na uso wa flanji ya difu. Kumbuka uso wa flanji umesimama wima, kwa hivyo hesabu ni umbali wake kutoka digrii 90. Andika kila kipimo na upande kinakoelekea. Toa kipimo cha giaboksi kwenye cha shafti, upate pembe ya mbele. Toa cha difu kwenye cha shafti, upate pembe ya nyuma. Zikaribiane ndani ya digrii moja.

Kwenye gari la kawaida la barabarani, kila krosi ikiwa kati ya digrii 1 na 3 ni vizuri sana. Gari fupi lililoinuliwa litakuwa na zaidi, na hapo usawa wa pembe mbili ndio unaookoa. Sifuri kabisa pia si nzuri, kwa kuwa sindano ndogo zilizo ndani ya vikombe hazizunguki. Zinapiga mahali pamoja mpaka zinachimba mashimo.

Kama mwenye gari anahitaji kweli gari liwe juu, pua ya difu irekebishwe kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, na boliti zinazofunga ekseli kwenye springi zikazwe tena baada ya siku chache za kazi. Ukibadilisha difu ya 4.7 ukaweka ya 3.54 ya Range Rover, kama wengi wanavyofanya ili gari likimbie barabara kuu, shafti yako itazunguka mara 24 hivi kwa sekunde kwenye kilomita 60 badala ya 31. Mtetemo uliokuwa ukianza 60 utahamia karibu na 80. Usidhani umepona. Umesogea tu, na kwenye 80 ajali ni kubwa zaidi.

Karatasi nazo zina kazi

Neno dogo kutoka upande wa serikali. Usajili na ukaguzi wa magari si kazi ya kaunti. Ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Ukibadilisha injini, namba ya injini kwenye logbook haifanani tena na iliyo kwenye gari. Badiliko hilo linapaswa kusajiliwa. Usingoje siku ya ajali au siku ya kuuza gari ndipo ugundue kwamba gari lako kwenye karatasi ni gari lingine.

Na kwenu mafundi mliojifunza kazi chini ya mti, mikono yenu ikijua kuliko vyeti vingi: Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hufanya majaribio ya ufundi kwa gredi, na ukipita unapata cheti cha kuonyesha. Ulizeni hapa chuoni jinsi ya kujiandikisha. Fundi yule wa tatu wa mjomba anastahili karatasi inayosema kile ambacho Land Rover ile imeshakisema.

Ombi langu

Namalizia kwa maombi mawili. Kwenu wenye magari: mkienda gereji, msiseme "nibadilishie krosi" au "nibalansie tairi." Semeni mnachokisikia: kwenye mwendo gani, gia gani, mlimani au tambarare, kwenye usukani au kwenye kiti, na nini kilifanywa kwenye gari kabla ya hapo. Mkifika na habari hizo, mmeshafanya nusu ya kazi, na ni nusu isiyolipiwa.

Kwenu mafundi: mtozeni mteja pesa ya uchunguzi, bila aibu. Saa moja ya kuendesha, kupima na kuandika ni kazi kamili. Tukiendelea kudhani kwamba fundi analipwa kwa kipuri tu, basi tutaendelea kuuziwa vipuri. Mteja akijua anakulipa ili umwambie ukweli, hata kama ukweli ni nati mbili zilizolegea, atarudi, na atakuletea jirani yake.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, wekeni vigingi, ingieni chini, na mshike zile nati za shafti moja baada ya nyingine. Haichukui dakika 10, na haigharimu hata shilingi.